Sista Aliyewatoa Njiti Juani

Kiangazi cha mwaka 1956, katika Hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, sista Jean Ward alikuwa na desturi yake. Jua likiwaka aliwabeba watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wa wodi yake hadi uani, akiamini kwamba hewa safi na jua vingewafaa kuliko joto zito la ndani.

Siku moja madaktari wakipita wodini, alimfunua mtoto mmoja mbele yao. Mwili ulikuwa umepauka, isipokuwa pembetatu moja ya manjano iliyokoza. Daktari akauliza kapakwa dawa gani. Hakupakwa kitu. Pale ndipo kona ya shuka ilipomfunika. Kwingine kote jua lilikuwa limeyafuta manjano.

Wiki kadhaa baadaye, kichupa cha damu ya mtoto mwingine mwenye manjano kilisahaulika dirishani mwa maabara, juani. Kilipopimwa, bilirubini, rangi inayoleta manjano hayo, ilikuwa imeshuka mno. Hapo ndipo Dkt. Richard Cremer wa hospitali hiyo na wenzake walipounganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza kitanda chenye taa za bluu.

Bilirubini hutokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Mtoto mchanga huvunja nyingi, na ini lake bado changa kuiondoa. Ndiyo maana wengi hupata manjano siku za mwanzo, nayo mara nyingi huisha yenyewe. Ila ikizidi hupenya ubongoni, ikaacha uziwi au mtindio wa ubongo. Enzi zile tiba ilikuwa kumbadilisha mtoto damu, kuitoa kidogo kidogo kupitia kitovuni na kumtia nyingine, kazi ya hatari kwa kiumbe cha kilo mbili. Mwanga hufanya jambo la upole zaidi: huigeuza umbo bilirubini iliyo ngozini, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini liibadili kwanza.

Ripoti ya Cremer na wenzake ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1958. Waandishi walikuwa watatu. Sista Ward hakuwa mmoja wao, na hilo linaniuma. Linaniuma pia kwamba Marekani ilichelewa kushawishika hadi daktari Jerold Lucey wa Vermont alipochapisha jaribio lake mwaka 1968. Miaka kumi, na taa zipo.

Kwetu akina mama wengi huwatoa wachanga jua la asubuhi. Lakini jua la wazi huunguza, na hakuna anayejua mtoto kapata mwanga kiasi gani. Lagos, Nigeria, watafiti waliwalaza watoto chini ya mahema ya plastiki maalumu inayochuja miale mibaya, na mwaka 2015 wakaonyesha kuwa yanafanya kazi sawa na taa. Hata hapo, wauguzi walikuwa kando wakiwapima joto na damu.

Kwa mtoto mweusi, manjano huonekana kwa urahisi zaidi kwenye weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Yakitokea kabla hajatimiza saa 24, au akilala mno na kukataa ziwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jua linawaka.