Kanisa la Arundel na Milki Zake Mbili

Katika mji wa Arundel, kusini mwa Uingereza, ambapo mto Arun hupita chini ya kilima chenye ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1067, kuna kanisa la mawe ambalo aingiaye kwa upande wa magharibi hukuta ibada ya Kianglikana, na aingiaye upande wa mashariki, kwa njia ya viwanja vya ngome, hukuta madhabahu ya Kikatoliki. Paa ni moja, lakini milki ni mbili.

Kanisa hilo la Mtakatifu Nikolao lilijengwa upya kuanzia mwaka 1380, zama ambazo Uingereza nzima ilikuwa ingali ikimtii Papa wa Roma. Watu wa mjini walipewa upande wa magharibi kuwa kanisa la parokia yao, na upande wa mashariki ukawekwa wakfu kwa jamii ya makasisi ambao kazi yao ilikuwa kusoma misa na kuziombea roho za ukoo wa Fitzalan, mabwana wa ngome. Baina yao palisimama kimia cha chuma, kilichozuia miguu bila ya kuzuia macho wala sauti. Hapa ndipo ninapoiona asili ya yote yaliyofuata: nyumba iligawanywa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya imani kugawanyika, na waliogawana walikuwa ndugu wa dini moja wasiokuwa na ugomvi.

Mfalme Henry wa Nane alipokwisha kujitenga na Roma, jamii ile ya makasisi ilivunjwa mwaka 1544, na mali yake akauziwa Henry Fitzalan, bwana wa Arundel, kwa marki 1,000 na kodi ya kila mwaka. Kwa biashara hiyo upande wa mashariki ukawa milki ya mtu binafsi, na parokia ikaifuata dini mpya ya nchi. Kwa njia ya ndoa urithi ukaingia katika nyumba ya Howard, Maduke wa Norfolk, ambao wengi wao walishika Ukatoliki kwa gharama kubwa. Philip Howard alifia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1595, naye alitangazwa mtakatifu mwaka 1970. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havikulihurumia kanisa: katika majira ya baridi ya 1643 askari wa Bunge walipandisha mizinga juu ya mnara wake wakaipiga ngome jirani.

Hata hivyo shauri zito lilingoja karne ya 19. Duke wa 15, yule aliyejenga juu ya kilima kanisa kubwa la Kikatoliki lililokamilika mwaka 1873, alisimamisha ukuta wa matofali kuutenga upande wake. Kasisi wa Kianglikana akadai kwamba upande huo ni kiungo cha kanisa la parokia, na daawa ikafika mahakamani. Mwaka 1879 Jaji Coleridge alimpa Duke haki, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu. Mahakimu hawakuuliza ni dini ipi iliyo ya kweli. Waliuliza makasisi wa kale walimiliki nini, na Mfalme aliuza nini. Na kwa kuwa tangu awali sehemu ile ilikuwa ya makasisi, si ya parokia, hati ya Mfalme ilitosha.

Katika karne ya 20 matofali yaliondolewa, pakawekwa kioo nyuma ya chuma cha kale, na katika nyakati maalumu Waanglikana na Wakatoliki wamesali pamoja humo. Naiheshimu sana hatua hiyo, kwa sababu haikumnyang'anya mtu haki yake: hukumu ya 1880 haikutenguliwa, parokia ingali ya Waanglikana, na upande wa mashariki ungali maziko ya nyumba ya Norfolk, ambamo misa husomwa kwa ajili ya marehemu wao.