Ridhaa ya nani? (au: swali la shangazi)



Nimepotea kidogo humu, samahanini. Kwanza tesiti, halafu safari ya Mbeya. Ndiyo, nilikwenda Tulia Marathon, kilomita 21, na ndiyo, nilimaliza. Saa mbili na dakika thelathini na ushee. Wale mliokuwa mnaniona jioni napandisha kuelekea Gangilonga mkadhani namkimbia mtu wa chipsi anayenidai, sasa mmejua.

Mbio zenyewe ni za barabarani, siyo zile za kukwea mlima wenyewe kama wafanyavyo Waingereza kwao. Ila ukiwa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Loleza imekusimamia kichwani, habari ya tambarare sahau. Kuna kipande nilitembea, sitaki kudanganya. Mzee mmoja mwenye raba zilizochanika akanipita, akasema "kaza mwanangu", akapotea mbele. Sikumwona tena.

Lakini leo sitaki kuhadithia mbio, nataka kuhadithia neno. Nilifika kwa shangazi Mwanjelwa miguu imekuwa mbao, nikamwamkia.

"Marahaba baba. Wamekupa shilingi ngapi?"

Nikamwambia shangazi, watu kama mimi hatupewi kitu, sisi tunakimbia kwa ridhaa, tena kiingilio tumelipa wenyewe. Akaacha kumenya viazi.

"Umelipa ili ukimbie? Na hela katoa nani?"

Nikacheka tu. Lakini kwenye basi la kurudi Iringa, kuanzia Uyole mpaka Makambako, swali likanikaa. Mimi ndiye ninayejiita mtu wa History, na swali la maana kaliuliza yeye.

Angalieni Kiswahili chetu kilivyoweka maneno mawili jirani: riadha na ridhaa. Yote yametoka Kiarabu, la kwanza ni mazoezi, la pili ni kukubali kwa hiari. Tukisema ngumi za ridhaa tunamaanisha mtu hakulazimishwa wala hakununuliwa. Neno zuri. Ila kitu chenyewe tulikipokea kutoka Uingereza, na kule hakikuanza na uzuri huo.

Miaka ya 1860 mabwana wa London waliounda klabu yao ya riadha waliandika masharti ya nani ni mwanamichezo wa ridhaa. Asiwe amewahi kushindania fedha, hilo tunalielewa. Lakini pia asiwe fundi wala kibarua! Yaani kama unakula kwa jasho la mikono, huna ridhaa. Wenye ridhaa ni wale ambao mtu mwingine anawalimia. Chama kikubwa cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1880 kiliondoa hicho kipengele cha ukibarua, ila cha fedha kikabaki.

Sasa nenda kaskazini mwa nchi hiyohiyo, kwenye milima ya Lake District. Wachungaji na waongoza wageni walikuwa wanakimbia kupanda kilele na kushuka kwenye sikukuu za vijiji. Mbio za Grasmere zipo tangu mwaka 1868. Mshindi alipewa fedha, na kwa nini asipewe? Matokeo yake wakimbiaji wa milima wakagawanyika makundi mawili, wa fedha na wa ridhaa, mlima mmoja, matope yaleyale, na hawakuruhusiwa kushindana pamoja mpaka miaka ya 1990. Ajabu ni kwamba mmoja wa magwiji wa upande wa ridhaa alikuwa mfugaji wa kondoo, Joss Naylor. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24, kisha kondoo wake walikuwa wanamsubiri nyumbani. Huyo angefika kwetu Iringa tungemuelewa bila mkalimani.

Na kwetu? Kanuni hizo za dunia zilitukuta. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, dakika 3 sekunde 32.2, mchezo ulikuwa bado wa ridhaa. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka kwenye marathon ya Mexico 1968, akaumia goti, akafunga bendeji, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamsimulia kama kielelezo cha uzalendo, sawa. Mimi ningependa kujua pia shamba lake lilikuwa na nani siku zile za kambi.

Maana mtu akikimbia bure, kuna anayelipa. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, alikuwa ofisa wa jeshi. Kwa maoni yangu jeshi ndilo lililotubebea ridhaa nchi hii: mshahara unaingia, kijana anafanya mazoezi, na hakuna anayemwita mkimbiaji wa fedha. (Mwalimu wangu akisoma hapa ataniuliza ushahidi, namkaribisha.) Shirikisho la riadha la dunia lenyewe lilikaa na neno la ridhaa kwenye jina lake mpaka mwaka 2001, wakati fedha zilishaanza kutolewa hadharani miaka mingi nyuma.

Turudi kwangu. Nilimwambia mwenzangu wa chumbani kwamba nilikwenda kwa hela yangu. Akasema, "Boom siyo hela yako, ni deni." Kweli. Kiingilio na nauli ya kwenda zilitoka kwenye boom. Raba nimeazima block B, na mwenyewe anazitaka. Kwa hiyo ridhaa yangu imetokana na mkopo wa serikali na miguu ya mtu mwingine, teh teh.

Na nauli ya kurudi sikuwa nayo kabisa. Nilitaka kumficha shangazi, lakini asubuhi ile alinisindikiza hadi stendi, akafungua fundo la khanga, akahesabu noti mbele ya kondakta. Hela ya viazi. Akaongeza na ndizi za njiani.

Nimemwahidi nitamrudishia boom la pili likitoka. Amesema nisimrudishie, ila mwakani nikirudi kukimbia, nianze kwanza kumbebea magunia sokoni, maana nguvu kumbe ninazo.