Mshale kwenye tairi una maana gani?
Angalia ubavu wa tairi la gari lako. Ukiona mshale na neno ROTATION, hapo ndipo tairi linapotakiwa kuzungukia gari linapokwenda mbele. Mifereji yake yenye umbo la V hutupa maji pembeni. Likifungwa kinyume, maji hayatoki vizuri, na wakati wa mvua gari huteleza kwa urahisi.

Kosa huweza kutokea baada ya pancha, gurudumu la kulia linapofungwa kushoto. Kubadilisha mbele na nyuma upande uleule hakuna tabu. Kuhamia upande wa pili, sharti fundi avue tairi kwenye rimu na kuligeuza. Baadhi ya rimu za spoti nazo zina kulia na kushoto. Zikipingana na tairi, fuata mshale. Tairi la akiba likilazimika kukaa kinyume, nenda polepole mpaka kwa fundi.