Miwani Ilitangulia, Maelezo Yakafuata

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yenyewe hutazamaje? Wengi wetu katika chama hiki tunavaa miwani, na ni rahisi kudhani kwamba wataalamu walilielewa jicho kwanza, kisha wakatengeneza miwani. Historia inaonyesha kinyume. Watu walivaa miwani kwa takriban miaka 300 kabla ya mtu yeyote kueleza kwa usahihi kwa nini inasaidia. Katika makala haya nitaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na hasara iliyoletwa na kuchelewa huko.

Tuanze na wanazuoni. Katika Ugiriki ya kale, Euclid na wengine walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvifikia vitu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Cairo, aliwapinga. Katika Kitab al-Manazir alieleza kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Hoja yake mojawapo ilikuwa nyepesi: ukikodolea jua, jicho huuma, kwa hiyo mwanga ndio unaoliathiri jicho. (Neno manazir lina asili moja na neno letu mandhari.) Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200 na kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Hata hivyo, Ibn al-Haytham aliamini kwamba kiungo kinachopokea taswira ni lenzi ya jicho. Kosa hilo lilidumu miaka 600 hivi.

Wakati wanazuoni wakibishana, mafundi wa Italia waliendelea na kazi yao. Mwaka 1306, mhubiri Giordano da Pisa aliwaambia waumini wa Florence kwamba ufundi wa kutengeneza miwani haukuwa umetimiza miaka 20. Ndiyo maana wanahistoria hutaja mwaka 1286 au karibu yake. Miwani ya kwanza ilikuwa ya lenzi mbinuko, yaani zilizovimba katikati kama punje ya dengu. Na kwa Kilatini, lens ni dengu hasa. Ilikuwa ya wazee walioshindwa kusoma maandishi ya karibu. Vijana wasioona mbali walisubiri zaidi ya karne moja. Mwaka 1462, Francesco Sforza, mtawala wa Milan, aliagiza kutoka Florence dazeni tatu za miwani: moja ya vijana ya kuonea mbali, moja ya wazee ya kuonea karibu, na moja ya kawaida. Biashara ilikuwa imekomaa, lakini ilitegemea kujaribu tu. Mnunuzi alivaa, akatazama, na ikimkataa alichukua nyingine.

Maelezo sahihi yalikuja mwaka 1604, kutoka kwa Johannes Kepler akiwa Prague. Kepler alikuwa mwanafalaki, na macho yake mwenyewe yalikuwa dhaifu tangu utotoni. Alionyesha kwamba miale inayotawanyika kutoka kila nukta ya kitu hupindwa na jicho, kisha hukutana tena katika nukta moja kwenye retina, ule utando ulio nyuma ya jicho. Taswira hiyo huwa imepinduliwa juu chini.

Kwa msingi huo tunaweza kueleza miwani zote mbili. Sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga, karibu theluthi mbili, hufanywa na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Lenzi iliyo ndani humalizia, na hubadilisha umbo lake tunapotazama karibu. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Likirefuka kwa milimita 1 tu, miale kutoka mbali hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na mtu haoni vizuri ubao wa darasani. Lenzi mbonyeo, iliyobonyea katikati, huitawanya miale kidogo kabla haijaingia, ili ikutane mahali panapofaa. Kwa wazee, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kubadilika, hivyo lenzi mbinuko huifanyia kazi yake.

Sasa tuitazame hasara. Kujaribu miwani dukani kuliwasaidia wale tu ambao kasoro yao ilirekebishwa na lenzi zilizokuwepo. Wenye astigmatizimu, ambao konea zao hazikupinda sawasawa pande zote, hawakusaidika kwa zaidi ya miaka 500. Mwaka 1801, Thomas Young alichapisha vipimo vya macho yake mwenyewe na kuieleza kasoro hiyo. Miaka ya 1820, George Airy wa Cambridge alitazama nukta ya mwanga kupitia tundu dogo kwenye kadi, akaona inageuka mstari. Alipima, akapiga hesabu, na fundi wa Ipswich akamtengenezea lenzi ya mcheduara, iliyopinda upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwa lenzi hii, hesabu ilitangulia na ufundi ukafuata.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Hermann von Helmholtz alitoa kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851. Herman Snellen wa Utrecht alitoa chati ya herufi mwaka 1862, na mwenzake Frans Donders alikusanya elimu yote ya kasoro hizi katika kitabu kimoja mwaka 1864.

Basi elimu hii ina zaidi ya miaka 150. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 hawaoni vizuri karibu kwa sababu tu hawana miwani ya kusomea, aina ileile iliyouzwa Florence. Zamani watu walikuwa na miwani bila maelezo. Leo maelezo yamo katika kila kitabu cha fizikia, na kilichobaki ni kazi ya kumfikishia mshonaji na mwalimu mzee miwani yake.