Vitabu vya mapishi vya kuchekesha vya zamani: nani alivitunga, na sababu gani watu wangali wanavitafuta

Kwetu mtu hajifunzi kupika sombe ndani ya kitabu. Anakaa pembeni ya mama, ya bibi ao ya shangazi, anatwanga, anaonja, anakaripiwa, na kisha miaka njo anaachiwa sufuria peke yake. Juu ya ile, msomaji anaweza kushangaa akisikia ya kama Marekani na Ulaya kuko watu wenye kuweka nyumbani vitabu vya mapishi mia moja ao mia mbili, na vingi kati ya hivyo hawajavipikia hata yayi moja. Wanavinunua juu ya picha, juu ya kicheko, ao juu ya jina la mtu mwenye kuandikwa ku ganda: mchezaji wa filamu, mchoraji, mbwa wa katuni.

Vitabu vya namna hii si vya jana. Vingi vyenye kutafutwa leo vilitoka kati ya miaka ya 1950 na 1980, lakini mzizi wao ni wa mbele zaidi, na mzizi ule ni biashara.

Tuanze na unga wa Jell-O. Mwenye kupika miguu ya ng'ombe anajua: mchuzi ukilala usiku, asubuhi unakuta umeganda. Ile yenye kugandisha ni jelatini, yenye kutoka mu mifupa na ngozi ya wanyama. Zamani, kutengeneza chakula cha kugandishwa kilikuwa kazi ya siku nzima, na ni matajiri tu wenye wapishi ndio walikila. Mwaka wa 1897, ku kijiji cha LeRoy, mu jimbo la New York, Pearle Wait alichanganya jelatini ya unga pamoja na sukari na ladha ya matunda. Hakufaulu kuuza. Mwaka wa 1899 aliuzisha jina na haki zote kwa jirani yake Orator Woodward, kwa dola 450. (Dola 450! Wajukuu wake wanapaswa kuwa wameirudilia hii hesabu mara mingi.) Woodward alifanya jambo moja lenye akili: alichapisha vitabu vidogo vya mapishi, vyenye picha za rangi, vikagawanywa bure mlango kwa mlango. Mama wa nyumba akishaona picha, anataka kujaribu; akitaka kujaribu, anapaswa kununua paketi.

Kutoka pale, kampuni nyingine nyingi ziliiga. Na kwa sababu kila mwaka ilihitaji mapishi mapya, watungaji walianza kwenda mbali. Mu miaka ya 1950 na 1960, frigo ilipokwisha kuingia karibu mu kila nyumba ya Marekani, vitabu vilifundisha kugandisha kila kitu: karoti, kabichi, samaki wa kopo, hata mayonezi, vyote ndani ya jelatini ya kijani yenye ladha ya ndimu na yenye sukari. Jell-O yenyewe iliuzisha ladha ya mboga, kwa mfano seleri na tomate. Leo Wamarekani wanaangalia zile picha na kucheka hadi machozi. Lakini kwa mama wa wakati ule haikuwa mchezo. Sahani yenye kuganda vizuri ilionyesha ya kama nyumba iko na frigo, na ya kama mabaki ya jana hayakutupwa.

Biashara ilizaa pia watu wenye hawakuzaliwa. Betty Crocker, jina lenye kujulikana zaidi mu vitabu vya mapishi vya Marekani, hakuwa mtu. Mwaka wa 1921 kampuni ya bunga ya Washburn-Crosby, mu mji wa Minneapolis, ilikuwa inapokea barua nyingi za wamama wenye kuuliza mambo ya kupika keki. Waliona afazali jibu litoke kwa mwanamke, basi wakatunga jina, wakashindanisha wafanyakazi wanawake juu ya kupata sahihi nzuri. Mwaka wa 1936 wakamchorea uso. Mwaka wa 1945 gazeti Fortune lilimuweka wa pili kati ya wanawake wenye kujulikana sana mu inchi, nyuma ya Eleanor Roosevelt, bibi ya rais. Kitabu chake cha watoto cha mwaka wa 1957 kingali kinatafutwa na wazee wenye walikipikia wakiwa na miaka nane ao tisa.

Wafaransa nao wako na kitabu chao cha watoto, na sisi wenye kusoma Kifaransa tunaweza kukipata kwa urahisi zaidi: *La cuisine est un jeu d'enfants* cha Michel Oliver, cha mwaka wa 1963, chenye maneno ya kwanza yaliandikwa na Jean Cocteau. Baba yake Michel, Raymond Oliver, alikuwa mpishi mkubwa wa Paris na mmoja wa wa kwanza kufundisha kupika ku televisheni ya Ufaransa. Kitabu cha mtoto wake ni cha michoro na rangi, na kila hatua imeonyeshwa ili mtoto asiogope.

Lakini kama ni kuchagua kitabu kimoja tu kati ya vyote hivi, mwandishi wa makala hii angemchagua Vincent Price. Vijana wengi wa huku wanajua sauti yake bila kujua jina lake: ni yeye mwenye anasema maneno mazito na kucheka kule mwisho wa wimbo *Thriller* wa Michael Jackson, wa mwaka wa 1982. Alizaliwa mwaka wa 1911 mu mji wa St. Louis, akasoma historia ya sanaa ku chuo kikuu cha Yale, na akawa maarufu mu filamu za kuogopesha, kama vile *House of Wax* ya mwaka wa 1953. Ku sinema alikuwa muuaji na mchawi. Nyumbani alikuwa anavaa kitambaa cha jikoni. Wala si ajabu: babu yake alitajirika kwa kuuzisha unga wa kuumusha keki, na baba yake aliongoza kampuni ya bonbon.

Mwaka wa 1965 yeye na bibi yake Mary walitoa kitabu *A Treasury of Great Recipes*. Ni kizito kama Biblia ya ku altari, na ganda lake linangaa maandishi ya zahabu. Wawili hawa walikuwa wamezunguka mu hoteli na restora kubwa za inchi mbalimbali, wakaomba mapishi kwa wapishi wenyewe, na ndani ya kitabu waliweka hata picha za karatasi za menu za mahali pale. Uzuri wake ni huu: pembeni ya restora za matajiri za Paris na London, waliweka pia mkate wa soseji wenye kuuzishwa ku kiwanja cha mchezo wa bezboli cha Los Angeles. Kwa Price, chakula kizuri ni kizuri, awe anakila tajiri ao mtu mwenye kukaa ku viti vya juu mu jua. Mwaka wa 1975 alikwenda ku televisheni kumuonyesha Johnny Carson namna ya kupika samaki ndani ya mashini ya kusafishia sahani. Watu walicheka, lakini inawezekana: samaki akifungwa vizuri mu karatasi ya alumini, ile mvuke ya moto inamuivisha. Kitabu kilichapishwa tena mwaka wa 2015, kisha miaka makumi tano, na kuko watu wenye wanakipikia kweli.

Kwa Salvador Dalí, mchoraji wa Uhispania, ni kinyume. Kitabu chake *Les Dîners de Gala*, cha mwaka wa 1973, kiko na mapishi 136, mengine yalitoka mu restora kubwa za Paris kama Maxim's na La Tour d'Argent. Dalí alisema ya kama akiwa na miaka sita alitaka kuwa mpishi. Ndani mule kuko minara ya kamba wa mtoni, konokono, vyura, na sura nzima ya vyakula vya kuamusha hamu ya mapenzi. Kilichapishwa tena mwaka wa 2016. Ni kitabu cha kuangalia. Mwenye njaa atafute kingine.

Kisha kuko vile vya filamu na katuni, na juu yao hakuna mengi ya kusema: mwaka wa 1969 peke yake vilitoka kitabu cha Peanuts, yaani cha Snoopy na Charlie Brown, na kile cha Winnie-the-Pooh chenye asali karibu mu kila ukurasa. Mwaka wa 1998 kilitoka cha *Star Wars* chenye biskuti za Chewbacca, na mwaka wa 1999 cha *Star Trek*. Mapishi mengi mule ni ya kawaida yenye yalipewa jina jipya tu. Mtoto anafurahi, na kampuni inafurahi zaidi.

Kicheko kingine kilikuwa na uchungu ndani. Mwaka wa 1960 Peg Bracken, mwanamke mwenye alikuwa anafanya kazi ya kuandika matangazo ya biashara, alitoa *The I Hate to Cook Book*, kitabu cha mtu mwenye kuchukia kupika. Wanaume wenye kuchapisha vitabu walikikataa. Hawakuamini ya kama kuko mwanamke mwenye kuchukia kupika. Mwanamke mmoja mu kazi ile ile njo alikikubali. Kiliuzishwa kupita milioni 3. Mapishi yake ni ya kufungua kopo, kumimina, kutia mu furu na kwenda kupumzika, na maneno yake ni ya mwanamke mwenye kurudi kazini jioni, amechoka, na bado watu wote wa nyumba wanamuangalia yeye. Mama mwenye kushinda mu soko tangu asubuhi, akafika nyumbani na babula haijawashwa, hana haja ya kutafsiriwa hiki kitabu.

Sasa tufike mahali pagumu. Mwenye kupekua vitabu hivi vya zamani atakutana na sura moja mara kwa mara: mama mweusi mnene, kitambaa ku kichwa, meno nje, anasema Kiingereza chenye kuvunjwa makusudi ili Mzungu acheke. Vitabu vingi vya mapishi ya Kusini ya Marekani vya miaka ya 1920 na 1930 vilipambwa naye. Anayejulikana zaidi ni Aunt Jemima, jina lenye lilitiwa ku unga wa pankeki mwaka wa 1889, mu mji wa St. Joseph, Missouri. Jina lenyewe lilitoka mu michezo ya jukwaani ambamo Wazungu walijipaka rangi nyeusi ku uso. Ku maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka wa 1893, kampuni ilimsimamisha Nancy Green, mwanamke mwenye alizaliwa mtumwa mu Kentucky, apike pankeki na kusimulia ya kama maisha ya Kusini ya zamani yalikuwa matamu. Alikufa mwaka wa 1923, akazikwa bila jiwe la jina. Liliwekwa mwaka wa 2020 tu. Mwaka ule ule kampuni ilitangaza kuondoa jina na picha, na mwaka wa 2021 paketi ikapewa jina Pearl Milling Company.

Ubaya wa ile sura haukuwa matusi peke yake. Ilifundisha watu ya kama mweusi anapika kwa bahati tu, kama vile ndege anavyoimba, bila akili wala elimu. Wapishi weusi walitunga vyakula, majina yakaandikwa ya mabibi wa nyumba. Toni Tipton-Martin, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi, alipitisha miaka mingi akikusanya vitabu vyenye viliandikwa na weusi wenyewe, na mwaka wa 2015 akatoa *The Jemima Code*, chenye kueleza vitabu kupita 150. Mwenye kufungua kile kitabu anaona namna historia ilifichwa: Malinda Russell, mwanamke mweusi huru, alichapisha mapishi yake mu Michigan tangu mwaka wa 1866.

Na kuko Abby Fisher. Alizaliwa mtumwa mu South Carolina. Kisha uhuru alihamia San Francisco, akafungua biashara ya achari na matunda ya kuhifazi, akapata zawadi ku maonyesho. Mwaka wa 1881 kitabu chake kilichapishwa na kiwanda cha wanawake wenye kuchapa. Yeye na bwana yake hawakujua kusoma wala kuandika. Maneno ya kwanza ya kitabu yanasema hivyo bila haya. Alikaa akasema mapishi kwa mdomo, kimoja kwa kimoja, na Wazungu wa mji wakaandika.

Vitabu vingi vya zamani, na hiki cha Abby Fisher ndani, viko bure ku intaneti: Internet Archive iko na vingi, na chuo kikuu cha Michigan State kiliweka vya tangu miaka ya 1700. Mwenye kutaka kujaribu ajue mambo mawili. Kikombe cha Marekani ni karibu mililita 240, na digrii zao ni za Fahrenheit: 350 ya kwao ni karibu 177 ya kwetu, isije ikaunguza keki ya watu.

Ndani ya kitabu cha Abby Fisher msomaji atakuta pia majina ya ajabu. Chakula cha mahindi na maharagi chenye Wamarekani wanaita *succotash* kimeandikwa *Circuit Hash*. *Jambalaya*, wali wa Louisiana, imekuwa *Jumberlie*. Wenye kushika kalamu walisikia vile masikio yao yaliweza, na mwenye kusema hakuweza kusoma ili awasahihishe. Sisi wenye majina yetu yaliandikwa vibaya ku kadi ya uchaguzi tunajua namna inatokea. Kitabu kilichapishwa tena mwaka wa 1995, na yale majina yaliachwa vile vile.