Programu inapogoma kwenye kompyuta nyingine: nini hakikusafiri?

Programu inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mjini. Unainakili kwenye flashi, unafika nayo shuleni au kwenye ofisi ya chama cha ushirika kijijini, unabofya mara mbili, na kinatokea kisanduku cha Kiingereza kinachosema MSVCP140.dll haikupatikana. Flashi haina kosa, na kompyuta haijaharibika.

Programu haifanyi kila kitu peke yake. Walioiandika huazima sehemu zilizokwisha kuandikwa na wengine: ya kufungua picha, ya kucheza sauti, ya kuchapisha. Sehemu hizo huitwa maktaba, na kwenye Windows nyingi huwa ndani ya mafaili yanayoishia na .dll. Ni kama fundi ujenzi aliyekuja bila karai wala chepe, akitegemea kuvikuta kwako. Kule mjini vilikuwepo, pengine vililetwa na programu nyingine kabisa. (Wapo pia wanaonakili ile alama ya kwenye kioo tu. Hiyo ni njia ya mkato. Programu yenyewe imebaki mjini.)

Kazi ya kukusanya programu na maktaba zake ili ziende pamoja huitwa kufungasha, na kinachopatikana ni kifurushi, si hiki cha bando. Kwa mfano, wanaoandika kwa lugha ya Python hutumia PyInstaller, ambayo hufunga programu pamoja na Python yenyewe ili anayepokea asihitaji kuisakinisha. Lakini kilichofungwa kwenye Windows hakitafunguka kwenye Linux. Linux ina njia zake, mojawapo AppImage, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina la klik: programu nzima ndani ya faili moja.

Kwenye simu za Android jambo hili halionekani sana kwa sababu faili la APK hubeba maktaba zake, ndiyo maana watu walizoea kurushiana programu kwa Bluetooth. Siku hizi hata hilo hugoma wakati mwingine. Tangu Agosti 2021, programu mpya kwenye Google Play huwasilishwa kwa mtindo ambao kila simu hupewa vipande vinavyoifaa yenyewe tu. APK iliyochukuliwa kwenye simu ya rafiki inaweza kuwa pungufu kwako.

Kubeba kila kitu kuna gharama, na si ya MB peke yake. Septemba 2023 iligundulika kasoro ya usalama kwenye libwebp, maktaba ya kufungua picha. Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi zilikuwa na nakala zao za maktaba hiyo, hivyo kila moja ililazimika kutoa toleo jipya. Kifurushi cha kabla ya hapo kilichobaki kwenye flashi bado kinaweza kuwa na kasoro hiyo.

Sasa, kisanduku kile. Wengi hutafuta jina la faili mtandaoni na kulipakua kutoka tovuti yoyote inayoligawa. Usifanye hivyo, ni mlango rahisi wa virusi, na faili lenyewe huenda lisilingane na programu yako. MSVCP140.dll ni sehemu ya kifurushi cha bure cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable. Kipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, kisha ukisakinishe. Programu ya biti 32 inahitaji kile kilichoandikwa x86, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Ya biti 64 inahitaji x64.

Windows ya biti 32 haifungui programu ya biti 64 hata ifungashwe vipi. Kwenye Windows 10, aina yako imeandikwa ukifungua Settings, System, kisha About. Iangalie kabla ya safari. Ukiwa mjini, omba faili kamili la usakinishaji lisilohitaji intaneti, kwa kuwa baadhi ya mafaili madogo hupakua yaliyobaki wakati wa kusakinisha. Na kama mwenye steshenari ana kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa programu hiyo, mwombe uijaribu hapo, intaneti ikiwa imezimwa.