Salem, mji uliomo ndani ya neno "merikani"

Msomaji wa habari za pwani yetu za karne ya 19 hukutana mara kwa mara na neno "merikani": nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi, iliyovaliwa Unguja na kufungwa mitumba (kwa maana ya zamani ya neno hilo) ikapelekwa bara kununulia pembe za ndovu. Sikio husikia humo jina la nchi nzima. Kwa hakika, walioileta kwa wingi walikuwa watu wa bandari moja ndogo: Salem, katika jimbo la Massachusetts.

Wamarekani wenyewe huikumbuka Salem kwa kesi za uchawi za mwaka 1692, na kwa mwandishi Nathaniel Hawthorne, aliyezaliwa humo 1804, akaja kuwa ofisa wa forodha ya mji huo. Sisi tuna sababu ya kuanzia kwingine. Nahodha John Bertram alikuwa miongoni mwa waliotangulia kufanya biashara na Unguja; nyumba yake siku hizi ni maktaba ya mji. Richard Waters naye alifika Unguja mwaka 1837 akiwa konseli wa kwanza wa Marekani, miaka minne baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na nchi hiyo. Waters alikuwa mcha Mungu, na katika shajara yake aliusikitikia utumwa alioushuhudia. Mchana, hata hivyo, alishirikiana na Jairam Shivji, mkusanya ushuru wa Sultani, akanunua pembe na sandarusi, akauza merikani. Na pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani kabla ya kufumwa katika viwanda vya kaskazini. Hilo kamusi hazilisemi.

Lilisemwa na binti wa mji uleule. Sarah Parker Remond alizaliwa Salem 1826, mtoto wa familia ya Weusi walio huru. Mwaka 1835 yeye na dada zake waliondolewa shuleni kwa sababu ya rangi yao, na wazazi wakahamisha familia hadi Newport kwa miaka kadhaa. Alipokuwa mtu mzima alivuka bahari, na mwaka 1859 akasimama mbele ya watu wa Manchester, mji ulioishi kwa pamba, akawaeleza ni mikono ya nani iliyoichuma. Baadaye alisomea utabibu Florence, Italia. Kwangu mimi, huyu ndiye mkubwa kuliko wote waliotoka Salem, Hawthorne akiwamo.

Nyumbani kwa kaka yake, Charles Lenox Remond, ndiko alikokaribishwa Charlotte Forten, msichana wa Philadelphia aliyeandika mashairi. Alihitimu chuo cha ualimu cha Salem mwaka 1856, akiwa Mweusi wa kwanza kufanya hivyo, akafundisha katika shule ya mji huo. Vita vilipozuka mwaka 1861, pamba ya kusini ilikatika na merikani ikaadimika Unguja. Nguo za Uingereza na India zikajaza pengo. Mwaka uliofuata Charlotte alisafiri hadi kisiwa cha St. Helena, South Carolina, penye mashamba ya pamba, akaanza kuwafundisha kusoma watu waliokuwa watumwa wa mashamba hayo.